Nguchiro na Alama ya Masizi

Paukwa!
Pakawa!
Kihenge kimejaa?
Tumeambiwa kimejaa.
Basi sogeeni, wakubwa kwa wadogo.

Hapo zamani za kale, wanyama wa bonde moja walilima shamba moja la mahindi. Kila mavuno waliweka akiba katika kihenge kimoja, ya mbegu na ya miezi ya njaa. Mlinzi wa kihenge alikuwa Nguchiro. Alikalia kigoda, na jembe hakulishika.

Mavuno yakishaingia, wanyama walipanda ngazi mmoja mmoja, wakachungulia ndani. Mahindi yakipita alama ya mwaka jana, walipiga vigelegele, wakachora alama mpya ya masizi. Yasipoifikia, mlinzi huvuliwa kigoda. Kisha kifuniko kilifungwa mpaka mvua za kwanza. Kuchungulia ruhusa. Kutia mkono ndani ni utovu wa adabu.

Nguchiro aliijua vyema desturi hiyo. Mwaka wa neema alificha mahindi ya ziada kichuguuni kwake. Mwaka wa shida aliyatoa, akayamimina kihengeni, chwaa. Basi alama ikapanda kidole kimoja kila mwaka, jua liwake, mvua inyeshe. Wanyama wakamsifu kwamba ana mkono mtulivu. Hakuna aliyeuliza mbona mvua hubadilika na kihenge hakibadiliki.

Aliyesifu kuliko wote ni Kasuku. Yeye pia hakulima. Alikaa mtini, akatangaza mapema kihenge kitafika wapi. Akisema kidole, bonde zima linangoja kidole.

Ukaja ukame. Mahindi yakatoka vibutu, punje za kuhesabu. Nguchiro akakimbilia kichuguuni, akakwangua, kwaru, kwaru. Vumbi tupu. Na huko juu Kasuku alishatangaza: mwaka huu vidole viwili.

Nguchiro akamwendea, akamsihi apunguze japo kimoja. Kasuku akamwambia kwamba yeye kazi yake kutangaza, si kujaza.

Nguchiro akaona kigoda hicho kinaondoka. Wenzake walipokwenda kukata nyasi za kuezekea, Nguchiro akawasha moto nyuma ya kihenge. Akabandika chungu, akatia mahindi. Pa! Pa! Papapa! Punje zikavimba, zikawa bisi nene nyeupe.

Mama Kanga akapita, akasimama.

"Bwana Nguchiro, mbona moshi?"

"Nafukiza fukusi wanaotoboa mahindi, Mama Kanga."

"Na hiyo papapa?"

"Ndio hao wanapasuka. Wameshiba mno."

Kanga akacheka, akampa pole ya kazi, akaenda zake.

Nguchiro akajaza bisi kihengeni, akatandika majani ya mgomba, akamwaga juu yake mahindi machache aliyobakiza. Siku ya kuchungulia, vidole viwili na ziada. Kasuku akasema si niliwaambia. Nguchiro akachongewa kigoda kikubwa zaidi.

Mvua za kwanza zikaanguka. Wanyama wakaja na vikapu kuchukua mbegu. Nungunungu, mama wa watoto wengi, akatangulia ngazini. Akachota. Akachota tena. Akagusa jani, akalivuta.

Upepo ukapita, fyuu. Bisi zikaruka, zikawaangukia wote vichwani. Watoto wa Nungunungu wakazidaka, wakala. Mama yao akatafuna moja, taratibu.

"Nguchiro, hizi huota?"

Nguchiro akajieleza. Ni mahindi yaleyale ya shamba, hakuiba hata punje, na alama imepitwa, kila mmoja kaona kwa macho yake.

"Sikukuuliza alama. Nimekuuliza kama huota."

Nguchiro akatazama kigoda chake. Kasuku alikuwa ameshahamia bonde la pili, anatangaza kihenge cha wengine.

Wanyama wakaenda kuomba mbegu kwa wakwe zao ng'ambo ya mto, vikapu mkononi, macho chini. Miezi ya njaa ilipofika, walilala na maji tumboni. Nguchiro wakamvua kigoda, wakampa jembe, wakampa na bisi zote.

"Mavuno yako hayo," Nungunungu akamwambia. "Panda."

Akapanda. Ndiyo maana hata leo ukimkuta nguchiro shambani anafukua, anafunika, anafukua tena, mwache. Anaangalia kama zimeota.

Funzo lake ni hili: anayepimwa kwa alama atajaza alama, si kihenge. Chungulia, kisha tia mkono, hata ukiitwa huna adabu.

Hadithi yangu imekomea hapo. Mwenye bisi na atafune.