Mlango wa Siwema

Hamna kazi nyie? Mmekula vitumbua vyangu, mmelamba na vidole, sasa mnataka na hadithi. Haya, kaeni. Atakayesinzia ataosha masufuria.

Hapo zamani, serikali ilipatwa na huruma kama mtu anavyopatwa na mafua. Ikatangaza: mpangaji maskini anayekaribia kutupwa nje atalipiwa kodi. Siwema, mjane mwenye watoto watatu na chumba kimoja, akapiga kigelegele. Mwenye nyumba wake, Mzee Mbaruku, alikuwa ameshamwambia, "Mwezi ukiandama, hama." Na pa kuhamia hana.

Mkaguzi wa serikali akaja, viatu vinang'aa. Akautazama mlango, akaigusa kufuli. "Mama, mlango unao, kufuli unayo, umo ndani. Hapa nani anatupwa nje?" Akaenda zake.

Siwema akakimbilia kwa Kombo, mjumbe wa mtaa. Kombo akacheka. "Shemeji, yule haamini machozi, anaamini macho yake. Mwenye nyumba akitaka kumtoa mtu hufanyaje? Hung'oa mlango. Basi ung'oeni, aone!"

Mbaruku, ambaye msaada ungeishia mfukoni mwake, hakuambiwa mara mbili. Akaja na nyundo. Siwema akamshikia mlango usimwangukie.

"Taratibu, Mzee, usinipasulie ubao."

"Nyamaza, mwanangu, unatolewa."

Wakacheka mpaka wakashika mbavu. Kisha Mbaruku akaubeba mlango, akaenda kuufunga kwenye choo cha nyumba yake nyingine. Ubao mzuri ukae bure?

Mkaguzi akarudi, akalitazama lile tundu. "Lo! Mama, kumbe umeshatolewa! Sisi tunamsaidia anayekaribia kutolewa. Chumba bila mlango si nyumba, na kisicho nyumba hakilipiwi kodi. Pole sana." Na pole ile aliitoa kwa moyo wote.

Watoto ndani, upepo ndani, kuku wa jirani ndani. Siwema akapiga yowe. Wanawake wa uani wakawakamata wote wanne, Siwema, Kombo, Mbaruku na mkaguzi, wakawaweka kitako.

Kombo akasema, "Kosa si langu. Shauri nilitoa, nyundo sikushika."

Mbaruku akasema, "Kosa si langu. Nyundo nilishika, lakini mlango kanishikia mwenyewe."

Mkaguzi akasema, "Kosa si langu. Sheria situngi, mimi natazama tu."

Siwema akasema, "Kosa si langu! Nilipokuwa na mlango nilinyimwa, nilipoukosa nikanyimwa. Nilitaka wanangu walale ndani, basi. Mlitaka nisimame wapi, kizingitini?"

"Naam, kizingitini!" akadakia Bi Tatu, mkubwa wa uani. "Mwenye kosa atakaa papo hapo awe mlango, mpaka mlango urudi."

Na mwenye kosa akakaa. Mvua ya vuli ilimpiga mgongoni, watoto walilala nyuma yake, wageni walibisha hodi begani mwake.

Jina silitaji. Mmeshiba, fikirini. Je, kati ya wanne wale, nani alistahili kubishiwa hodi?