Mama Aliyesamehe Bila Kuachia Mkono

Ndugu zangu, mfano wa leo hauna mkulima wala mchungaji wa kondoo. Una diwani. Msigeuke kutazama mlangoni, nimeshaangalia, wa kwetu hajaja. Na angekuja ningesema hayahaya, labda kwa sauti ya chini kidogo. Kata ninayoisema haipo, nimeitunga mwenyewe, kwa hiyo mtu asinifuate baada ya ibada kuniuliza kama ni ile ya kwa shemeji yake.

Katika kata hiyo palihitajika machinjio. Ng'ombe walikuwa wanachinjwa popote, nyuma ya maduka, kando ya barabara, mpaka watu wa afya wakapiga kelele na halmashauri ikakubali kujenga. Ikaundwa kamati ya kutafuta kiwanja, na diwani akawa mwenyekiti wake. Wakazunguka, wakatazama huku na huku, mwisho wakachagua kiwanja cha mlimani, juu kidogo ya chemchemi. Kilikuwa kiwanja kizuri, gari lilifika mpaka mlangoni, na halmashauri ingekinunua bila kubishana bei. Jambo moja tu halikusemwa kwenye kikao. Kiwanja kilikuwa cha mke wa diwani.

Ofisini wanaliita hilo mgongano wa maslahi. Mimi nitalieleza kwa lugha ya jikoni. Ni mtu aliyepewa upawa awagawie watu wote mchuzi, na sahani mojawapo ni yake. Sheria haianzi kwa kumwita mwizi. Inamwambia: sema kwamba sahani hii ni yako, weka upawa chini, toka nje, wengine wagawe. Je, hiyo ni kazi ngumu? Ni kusimama barazani kidogo na kuangalia watu wakipita. Lakini diwani wetu hakusema, na hakutoka.

Bondeni, chini ya chemchemi ile, alikaa mama mmoja mjane anayelea wajukuu. Krismasi iliyopita watu walichinja ng'ombe palepale mlimani, mvua ikanyesha, na damu na mavi vikateremka na maji. Mjukuu wake mdogo aliharisha mpaka akalazwa kituo cha afya. Mtoto alipona, mama hakusahau. Aliposikia machinjio yanajengwa hapo, na kiwanja ni cha nani, alikwenda kwanza nyumbani kwa diwani kumuuliza, akajibiwa vibaya, ndipo akapanda gari akaenda halmashauri kumlalamikia diwani kwenye kamati ya maadili. Hakutaka diwani afungwe. Hakutaka hata afukuzwe. Alitaka machinjio yasikae juu ya maji wanayokunywa watoto.

Sasa hiyo kamati ya maadili ni akina nani? Ni madiwani wenzake. Walikuwa watu wazuri, nawaambia kweli, na shida yote ilianzia kwenye uzuri wao. Walipoupokea ule mlalamiko, hawakuuliza kiwanja ni cha nani, wala nani alikaa kwenye kikao. Walisema, "Hawa ni majirani. Wamezikana, wamechezeana ngoma za harusi. Haya tuyamalize kinyumbani."

Mnacheka kwa sababu mnalijua neno hilo. Tuyamalize kinyumbani! Likaandaliwa baraza dogo kwenye ofisi ya kata. Wakaitwa wazee, akaitwa mchungaji, zikaagizwa soda na sambusa. Mlalamiko ulikuwa wa machinjio na maji. Soda zilipofika mezani, ulikuwa tayari umegeuka ugomvi wa watu wawili.

Mwenyekiti wa kamati ya maadili akasema, "Mama, hapa sisi sote ni ndugu. Mheshimiwa ana neno."

Diwani akasimama. Nisingependa mmwone mnafiki, maana machozi yake yalikuwa ya kweli. Akasema, "Mama yangu, nilipaswa kusema kile kiwanja ni chetu, sikusema. Na ulipokuja kuniuliza nyumbani nilikujibu vibaya mbele ya watu. Nimekukosea. Naomba unisamehe."

Wote wakamgeukia mama. Mnaujua mtazamo ule? Ule wa kumwambia mtu, tafadhali usituharibie shughuli. Aliyekosewa ndiye anayeonekana kama amebeba kosa, na chumba kizima kinamsubiri alitue.

Mama akasema, "Nimekusamehe, mwanangu. Kwa moyo wangu wote."

Makofi! Mama mmoja kule nyuma akapiga vigelegele. Wakaambiwa wapeane mikono, wakapeana, na mchungaji akafunga kikao kwa sala ndefu ya kushukuru kwa ajili ya amani. Wakasema amina. Watu wakaanza kusogeza viti kuelekea kwenye sambusa. Diwani akavuta mkono wake aende na yeye. Mkono haukuja. Mama alikuwa bado ameushika.

"Sasa, mwanangu," akamwambia taratibu, "machinjio unayahamishia wapi?"

Viti vikaacha kusogea.

"Mama," mwenyekiti akasema, "si umeshasamehe?"

"Nimesamehe."

"Basi yamekwisha."

"Yangu yamekwisha, mheshimiwa. Alinijibu vibaya, hilo lilikuwa langu, nimelisamehe na sitalirudia. Lakini maji siyo yangu. Watu wa bondeni hawakunituma nije niyasamehe kwa niaba yao."

"Lakini kikao tumeshakifunga kwa sala!"

"Kifungueni kwa nyingine, baba. Mchungaji si yupo?"

Hakuna aliyecheka. Mchungaji alitazama sambusa, na namwonea huruma, maana sala yake ilikuwa nzuri ila iliwahi mno. Mwenyekiti akamtazama diwani, diwani akautazama mkono wake. Mama hakuubana. Aliushika jinsi unavyomshika mtoto mnapovuka barabara. Mwishowe diwani akasema, "Andikeni kwamba kiwanja ni cha mke wangu. Kamati ya kiwanja ikae upya juu ya jambo hili, na mimi nitakaa nje." Mwenyekiti akairudia kauli hiyo kwa sauti ili wote wasikie, akatangaza ununuzi umesimama. Ndipo mama akaachia, akaenda kuchukua soda yake.

Nawaona mmefurahi. Mmeshampa mama ushindi, na diwani mmemweka mahali pake. Lakini mimi sikuja kumsema diwani. Alikosa, akakiri, akasahihisha, amewazidi wengi. Nauliza juu ya waliopiga makofi. Wale walikuwa nani?

Ni sisi. Tena ni sisi watu wa ibada, ndio hodari wa kazi hiyo. Binti anakuja analia, baba zake wadogo wamechukua shamba la marehemu baba yake. Tunafanya nini? Tunawaita wote, tunamtazama binti mpaka asamehe, tunawashikanisha mikono, tunaomba, tunakula pilau. Jioni kila mtu anarudi kwake akisema kumekuwa na amani. Na shamba liko wapi? Liko kwa baba wadogo! Tumemnyang'anya binti mara ya pili, safari hii kwa sala, na inaniuma kusema hivyo kwa sababu sala ni kitu kitakatifu.

Mungu hakutupa msamaha uwe mfuniko wa sufuria inayonuka. Anayelalamika kwamba kiongozi amejipendelea hajaja na chuki, kwa hiyo usimkalishe chini kumtibu moyo. Amekuja na habari. Isikilize, ichunguze, na kama ni kweli, kirudishe kilichopotoka. Mikono mtapeana baadaye, mtapata muda.

Na wewe uliyekosewa, nisikie vizuri usije ukasema mchungaji wako amekuruhusu kuweka kinyongo. Kilicho chako kisamehe chote, leo, kabla hujafika nyumbani. Lakini kilicho cha watu huna ruhusa ya kukisamehe, na mimi sina ruhusa ya kukuomba ukisamehe.