Saa ya Mama Shija

"Milioni arobaini mkononi, na sisi hapa tunakopeshana elfu hamsini hamsini," alisema Bwana Kashindye katikati ya mkutano wa kikundi, akaipitisha simu yake kila mtu aone. "Tazameni wenyewe. Saa yenye kigurudumu kama hicho, kinachozunguka pale usoni, Ulaya inauzwa milioni arobaini. Mweka hazina wetu kaitoa wapi kama si kwenye sanduku letu la akiba? Mimi sizunguki. Huyu ni mwizi."

"Nimeshasema. Ni ya Kichina. Laki sita," alijibu Mama Shija.

"Laki sita." Kashindye alilirudia neno polepole, kama mtu aliyeonja mboga akaikuta imechacha. "Mama, ukitaka kutudanganya, tudanganye kwa heshima."

Watu wakacheka.

Mama Shija alikuwa na mashine ya kusaga nafaka karibu na soko la Nzega, na kwa miaka mingi alikuwa mweka hazina wa kikundi chao cha kuweka na kukopa. Hasira zake zilikuwa karibu, hilo kila mtu alilijua. Lakini walijua pia kwamba kwenye mzani wake kilo ilikuwa kilo.

Saa ile aliidundulizia pesa mwaka mzima. Haikuwa na betri. Kila asubuhi aliijaza kwa kuzungusha kitufe cha ubavuni, kisha akachungulia kwenye kidirisha cha usoni aone magurudumu madogo yanavyoshikana meno, hili likisukuma lile. Mtu aliyeishi na mashine hupenda kuona kazi ya ndani. Siku anainunua, muuzaji alimtolea nyingine ya bei hiyo hiyo, imebandikwa jina kubwa la Ulaya. Akamuuliza, "Hilo jina ni lake?" Muuzaji akacheka tu. Basi akachukua iliyoandikwa jina la walioitengeneza, Kichina kitupu.

Na hiyo hiyo ndiyo ikamponza: maandishi hakuna aliyeweza kuyasoma, lakini kigurudumu kila mtu alikiona.

"Hebu pigeni hesabu," alisema, sauti ikianza kupanda. "Mfuko wetu haujawahi kufika milioni kumi. Hata ningeiba wote, ningenunua mkanda wake tu."

"Ndiyo maana tunauliza," alidakia mama mmoja wa nyuma. "Hizo thelathini nyingine umezitoa wapi?"

Usicheke. Shuku ndivyo ilivyo. Ukiifungia mlango, inaingilia dirishani.

Na kwa Mama Shija jambo halikuwa dogo. Tangu picha ya saa ile ianze kuzunguka kwenye simu za watu, foleni ya mahindi mlangoni kwake ilikuwa imepungua. Anayepima unga wa watu akishaitwa mwizi, hana kazi tena. Hata akihama mji, jina litafika kabla yake.

Bi Mwamvita, mwenyekiti, akagonga meza. "Mama Shija, wenzako wanaona upumzike. Kabidhi sanduku, uende zako kwa amani. Tusifike mbali."

"Kwa amani ya nani?"



Mama Shija akasimama. Tusi lilikuwa limeshafika kwenye ulimi, akalimeza. Akalibeba sanduku la chuma la kikundi, akalitua mezani kwa kishindo, minong'ono ikakatika.

"Sanduku hili linalala kwangu. Lina kufuli ngapi?"

"Tatu," wakasema.

"Na ufunguo wangu mimi ni upi?"

Hakuwa na hata mmoja. Ndiyo kanuni ya vikundi hivi: anayelilaza sanduku hashiki ufunguo. Funguo hukaa kwa watu watatu wengine, na halifunguliwi mpaka wote watatu wawepo.

"Wenye funguo wasimame."

Akasimama fundi cherehani. Akasimama mama muuza dagaa. Wa tatu hakusimama, mpaka watu walipoanza kugeuza shingo kumtafuta. Ufunguo wa tatu ulikuwa unaning'inia kwenye kamba, kifuani kwa Bwana Kashindye.

Wote walikuwa wanalijua hilo. Lakini milioni arobaini ikishaingia chumbani, nani anakumbuka kufuli?

"Kama nimeiba," alisema Mama Shija, "basi ama ulinifungulia wewe, ama kufuli imevunjwa. Njoo uangalie."

Kufuli zote zilikuwa nzima. Wakafungua, wakahesabu, wakalinganisha na daftari. Haikupungua hata shilingi.

Chumba kizima kikaangua kicheko, kile cha watu wanaotaka jambo liishe haraka. Bi Mwamvita akasema Mungu ni mkubwa, chai iletwe. Yule mama wa nyuma akapiga makofi, eti yeye alijua tangu mwanzo. Kashindye naye akasogea, uso umechangamka, akainama juu ya mkono wa Mama Shija.

"Kumbe kweli laki sita," alisema. "Na inavyopendeza. Shemeji, niagizie na mimi moja."

Mama Shija hakucheka. Kikombe alichonyoshewa hakukipokea.

"Sikuja hapa kuuza saa," alisema. "Umeniita mwizi mbele ya watu hawa, na kila mtu kasikia. Sasa rudi pale ulipokuwa umesimama, uniombe radhi, na kila mtu asikie. Nakudai hiyo tu. Nakudai sasa hivi."

Funzo: Ukimvua mtu heshima yake hadharani, usimrudishie kichochoroni. Kicheko hakilipi deni la jina la mtu, wala chai hailipi. Linalipwa kwa radhi, mbele ya walewale waliosikia.