Shangazi Aliyekalia Chungu

"Kukalia chungu hakurudishi mvuke." Mmeisikia leo, mnaniuliza imetoka wapi. Imetoka Korogwe, jikoni, nami nilikuwa pale pale nikichambua mchele.

Mwantumu alikuwa anaolewa. Baba yake, Hemedi, kalazwa hospitali Tanga, hawezi kuja, akaomba walau aone picha. Akaitwa binti mmoja, Riziki, mwenye kamera ya ajabu. Ndani yake mlikuwa na kadi ndogo kama ukucha, inatuma picha yenyewe hewani, bila waya. Akibonyeza tu, picha iko mtandaoni, ukoo mzima unaiona kwenye simu.

Sasa, kwetu bi harusi hutolewa ndani na shangazi yake, kamshika mkono. Na shangazi mtu, Mwanahawa, alikuwa amesusa. Posa ililetwa, Hemedi, kaka yake, akaipokea bila kumwita. Mwaka mzima hawasemeshani. Harusini alikuja, lakini akajikalia jikoni, kanga kaifunga kichwani kama mgonjwa.

"Sitoi mtu mimi. Wamtoe hao hao walioipokea posa."

Tulimbembeleza, wapi! Bi harusi ndani analia, wanja unamchuruzika.

Mara ngoma ikalia uani. Bega la Mwanahawa likatikisika. Akaangaza huku na huku, akadhani sote tumeinamia nyungo zetu. Akainuka, mwiko juu, akacheza kwelikweli, meno yote nje. Riziki, kasimama mlangoni, akampiga picha.

"Wee! Lete hapa!" Akaipokonya kamera, akaitumbukiza kwenye chungu kikubwa kilichowekewa unga, akafunika, akakikalia. "Haya! Tuone nani ataiona!"

"Kaa tu, shangazi," Riziki akasema.

Simu ya Mwanahawa ikalia. Akapokea bila kutazama. Alikuwa Hemedi, kutoka hospitali.

"Dada! Unacheza na mwiko? Leso za kuchezea zimekwisha?"

"Picha ya zamani hiyo!"

"Ya zamani, na pilau la harusi linafuka nyuma yako?" Hemedi akacheka mpaka akakohoa. Kisha sauti ikashuka. "Kwenye posa nilikukosea, dada. Nisamehe. Bega lako limeshanisamehe, nimeliona."

Mwanahawa akakitazama chungu alichokikalia. 

"Kumbe kukalia chungu hakurudishi mvuke."

Akainuka, akaitoa kamera chunguni, akaipangusa unga kwa upindo wa kanga yake. "Shika, binti. Na unipige vizuri nikimtoa mwanangu."

Basi nanyi, mkinuna huku miguu yenu inafuata ngoma, sitawabembeleza. Nitawatazama tu. Kukalia chungu hakurudishi mvuke.