Shimo la Moshi wa Fisi

Paukwa!
— Pakawa!
Pakawa nini?
— Moshi!
Moshi wa nani?
— Wa Fisi!
Mwenye kikohozi akohoe sasa hivi, nikianza sitaki kelele.

Basi palikuwa na Fisi. Fisi alichoma nyama asubuhi, akachoma nyama mchana, akachoma nyama jioni. Moshi, fuu! fuu! ukajaa nchi nzima. Wanyama wakakohoa, kho! kho! wakamwambia, "Zima moto!"

"Nizime, nile mbichi?" akasema Fisi. "Moshi tutaufukia ardhini. Shimo ninalo, lile pale la Kalunguyeye, yule mdogo wa miiba."

Mle shimoni Bi Kalunguyeye alikuwa na watoto wachanga, hata miiba yao haijakomaa. Moyo ukamlipuka, paa! Lakini akajinyenyekeza. "Hewala, Mzee Fisi. Ila mambo ya moshi yana wenyewe. Waitwe wataalamu. Na mwenye haja ndiye anayewalisha, ndiyo desturi."

Wakaja wataalamu. Punda akapiga teke, du! du! "Shimo huchaguliwa kwa teke." Korongo akachomeka mdomo, nyu! "Shimo huchaguliwa kwa mdomo." Kobe akalikalia, kimya. "Shimo huchaguliwa kwa kukaliwa."

Wakaliacha shimo, wakaketi kupima njia ipi ni bora ya kuchagua shimo. Wakibishana, wanakula. Wakila, wanabishana. Hata Punda alikula nyama. Mwasema punda hali nyama? Akiwa mtaalamu, hula.

Fisi akaona mapaja yanakwisha, machozi yakamtoka. "Mtamaliza lini?"

Kalunguyeye akamnong'oneza, "Mzee, shimo likichaguliwa, karamu ni ya mwenye shimo. Huketi ndani tu, nchi nzima ikamletea mapaja. Naona haya kula peke yangu."

"Wewe ule mapaja? Na udogo huo!" Fisi akawageukia wataalamu. "Shimo bora ni langu, lile ninalolala mimi!"

Wataalamu wakatazamana, midomo imejaa mafuta.

"Kwa teke, ni lako," akasema Punda.

"Kwa mdomo, ni lako," akasema Korongo.

"Kwa kukaliwa, ni lako," akasema Kobe.

Fisi akaingia shimoni mwake, akaachama, akangoja. Wanyama wakaupepea moshi kwa masikio na mikia, fuu! fuu! ukaingia wote. Kobe akakalia mlango.

"Kho! Kho! Mapaja yako wapi?"

"Nyamaza," akasema Kobe. "Tunapima kama linavuja."

Likavuja. Fisi alitoka, puu! Kobe akaruka kama kifuniko cha sufuria. Fisi akatimua mbio, na madoa ya masizi anayo mpaka leo.

Watoto wa Kalunguyeye wakatoka shimoni kwao, wakausogelea moto wa Fisi, wakaukojolea. Chwii! Ukazimika. Mbingu ikaonekana.

Wataalamu wakang'aka. "Nani kawaruhusu? Njia hiyo haijapimwa!"

Ngano yangu imeingia shimoni, nami nimekalia mlango. Fundisho lake: watoto, mkiona moto msiuzime ovyo. Waiteni wataalamu kwanza, na nyama iwe imeiva.