Kwa Nini Mpimaji wa Ilondele Hugeuka Mgongo

Mpimaji wa chumvi mnayemwona leo akiwapa watu mgongo, zamani alipima huku akiwatazama usoni. Akija mwanamume kuchukua ujira wake wa chumvi, alijaza kikapu mpaka kikafanya kichuguu. Akija mwanamke, aliishia nusu. Wanawake waliambiwa mikono yao ni myepesi, kazi yao ni nusu, nao wakajitwika nusu zao wakaenda zao.

Miongoni mwao alikuwamo Kalunde, mjane mwenye watoto wadogo. Alichota maji ya chemchemi ya chumvi na kuyachemsha vyunguni mpaka yakauke, macho mekundu kwa moshi. Nusu ile ilimuuma, lakini alinyamaza kama wenzake.

Ikaja masika iliyotisha. Mto ulifura, ukakata kingo na kuielekea chemchemi. Maji yale yangeingia, Ilondele isingekuwa na chumvi tena. Mtemi Lugusha akapiga ngoma ya hatari, na watu wote wakatoka kujenga tuta la mawe na udongo. Kalunde alibeba mawe kichwani hadi shingo ikakakamaa. Shemeji yake Mhoja alipoteleza topeni, ni yeye aliyemvuta na kulipokea jiwe lake. Mwishowe mto ulilisukuma tuta, ukashindwa, ukapita kando. Watu wakakumbatiana kwa vilio na vicheko.

Mtemi akaamuru wajenzi wote walipwe chumvi ya ghala lake. Kasanda, mpimaji, akajaza kikapu cha Mhoja. Kilipofika cha Kalunde, akaishia nusu.

Kalunde akakiinua kikapu na kuimwaga chumvi yote kwenye lundo.

"Umeikataa zawadi ya Mtemi?" Kasanda akafoka.

"Sijaikataa, baba. Umenilipa nusu ya kazi. Basi acha nikaichukue tutani ile nusu ya kazi usiyoilipa."

Akachukua jembe, akashika njia ya tutani. Mwanamke mmoja akamwaga chumvi yake, akamfuata. Wakamwaga wanawake wote. Kalunde hakugeuka, lakini alizisikia nyayo zao.

Alipoinua jembe juu ya tuta, Mtemi alikuwa amefika mbio, Kasanda na Mhoja nyuma yake.

"Mama, ngoja!" Akamgeukia Kasanda. "Haya, mwonyeshe mawe yake, ayachukue."

Kasanda akatazama huku na huku. Udongo ulikuwa umeshikana, jiwe limeuma jiwe. "Siwezi kuyajua, Mtemi."

"Mimi mwenyewe siyajui yangu," Mhoja akasema kwa sauti, "na langu moja amelibeba yeye."

Mtemi akayasikiliza maji yakipita nje ya tuta. "Kasanda, macho yako ndiyo yanayopunguza vikapu. Kuanzia leo utapima bila kumwona unayempimia."

Siku hiyo Kalunde alirudi nyumbani na kikapu kilichojaa, akitembea polepole katikati ya njia ili kila mtu amwone.

Tangu masika ile, mpimaji wa Ilondele hugeuka mgongo. Vikapu huwekwa nyuma yake, naye huvivuta mbele kimoja kimoja na kuvijaza bila kugeuka; mwenye chake hasemi, na mtu akikohoa ili ajulikane, chumvi humwagwa ikapimwa upya. Mwaka huu mpimaji ni mwanamke, mjukuu wa wajukuu wa Kalunde. Naye hugeuka vilevile, na wanaume hutoka pale na vikapu vilivyojaa.