Jini Aliyekatazwa Pilau

Palikuwa na Sultani aliyetaka watu wacheke kwa amri. Ndiyo, kwa amri! Hebu weka chini hicho kikombe unisikilize.

Katika mji wake wa Kivuleni kulikuwa na hadithi iliyopendwa kuliko zote, Visa vya Jini Mlafi. Jini huyo alikuwa akijigeuza mjomba wa bwana harusi, anaingia kwenye harusi za watu, anafagia sinia zima la pilau, kisha anaumbuka mbele ya wakwe. Marehemu Mzee Mbaruku aliisimulia kila Ijumaa alasiri uwanjani, watu wakicheka mpaka wanashika mbavu. Alipofariki, na hadithi ikanyamaza. Miaka ikapita, ndipo Sultani Hamdani akasema, "Nitaifufua mimi."

Akaifufua kweli. Akampa kazi shemeji yake, Bwana Nasoro, naye akaitengeneza upya. Jini wa sasa hali pilau. Kafunga! Akifika harusini anasimama mlangoni, anawahutubia wageni juu ya faida za kuwatii wakubwa. Hotuba ikiisha, anaanza nyingine. Jamani, jini!

Kasri lilikuwa na wapimaji watatu, kazi yao kusema hadithi ipi nzuri na ipi mbaya. Siku ya kwanza, pale uwanjani, walikaa mbele kabisa, kwenye zulia, halua mkononi. Nasoro alipomaliza wakasema kwa sauti moja, "Haijapata kutokea!" Sultani akageuka nyuma awaone raia wake wanavyofurahi. Akakuta majamvi matupu.

Akafura kwa hasira. Akatoa amri: hadithi itasimuliwa kila Ijumaa ndani ya ukumbi wa kasri, kila mtu ahudhurie, na atakayetoka kabla ya mwisho askari wa mlangoni wamkamate.

Ijumaa ya kwanza tu akakamatwa Bi Mwanakheri, muuza mbaazi. Mjane, maskini, lakini mdomo, mashallah, mdomo ulikuwa tajiri. Wakamrudisha ukumbini, wakamsimamisha mbele ya Sultani, watu wote wanamtazama.

"We bibi, kwa nini umetoka?"

"Nilikwenda kumtafuta jini, Bwana. Humu ndani sikumwona."

"Si huyu anayesimuliwa!"

"Huyo khatibu, Bwana. Jini namjua, nimekua naye. Nilipofiwa na mume wangu, kile kisa cha sinia ndicho kilichonirudishia kicheko. Leo mmenirudishia jina lake tu. Imeniuma, Bwana."

Sultani akatikisa kidole. "Wapimaji wangu, watu waliosoma, wanasema nzuri. Wewe muuza mbaazi unasema mbaya. Nani mwenye masikio?"

"Sote tunayo, Bwana. Ila wenzetu wanayo na halua."

Watu wakainamisha nyuso, mabega yanawatikisika.

"Basi sikiliza!" Sultani akanguruma. "Utawaambia watu hawa kwamba hadithi ni nzuri. La sivyo unaingia gerezani leo hii, na hutoki mpaka uisifu."

Hapo mama wa watu akakumbuka kwake. Nyumbani alimwacha mamaye mgonjwa kitandani, hana mwingine wa kumpa hata maji. Moyo ulitaka kukubali, lakini ulimi ulikataa.

"Nitaisifu, Bwana. Lakini naona haya kusifu mbele ya wajuzi ambao bado hawajatunzwa. Walivyoipenda hadithi hii! Wape zawadi kwanza."

"Zawadi gani?"

"Waisikilize tena. Sasa hivi, toka mwanzo. Na halua iondolewe, isije ikawashughulisha."

Sultani akaona ni neno la heshima. Nasoro ndiyo usiseme, akajikohoza, akaita, "Paukwa!"

Mpimaji wa kwanza akashika kichwa. "Bwana, kipandauso changu kimeanza."

Wa pili akaruka. "Nami nina mazishi, Bwana!"

"Kafa nani?"

"Bado hawajaniambia."

Na wa tatu? Alikuwa ameshalala, anakoroma.

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Kilikuwa kicheko hasa, cha enzi za Mzee Mbaruku.

"Kimya!" Sultani akapiga kiti ngumi. "Hawa hawajui kitu kizuri. Nitaisikiliza mimi mwenyewe. Nikifika mwisho wake, bibi, njia yako ni ya gerezani!"

"Na usipofika, Bwana?"

"Nisipofika? Nenda kwako, na jini wako arudishiwe pilau yake. Nasoro, simulia!"

Nasoro akasimulia. Jini akafika harusini, akasimama mlangoni, akaanza kuhutubia. Sultani akatabasamu. Hotuba ya pili, akawa anazungusha pete kidoleni. Ya tatu, akapiga mwayo, akajifunika mdomo kwa kilemba. Jini akasema, "Enyi wageni, sasa nianze yale niliyowaitia."

Masikini Sultani! Akasahau bibi, akasahau gereza, akasahau hata maneno yake mwenyewe. Akavuta joho polepole, akatazama kulia, akatazama kushoto. Akachukua makubadhi yake mkononi, akaanza kunyata kwenda mlangoni.

Bi Mwanakheri akainuka, akamwinamia kwa adabu zote, akamnong'oneza kwa sauti iliyofika mpaka jikoni:

"Bwana, usipite huko. Mlangoni kuna askari, wanakamata watu."